Tume ya damu iundwe kwa sheria, si kwa hisani

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya damu za watu zinapomwagika kwa mambo ya siasa na utawala, na nani hasa anastahiki kuzichunguza.

Tuanze na kisa ambacho wengi tumekisoma madrasa tukakipita haraka. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya Makka kufunguliwa, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid (r.a.) kwa kabila la Banu Jadhima kuwalingania Uislamu. Wale watu walitaka kusema wamesilimu, lakini tamko walilolitoa halikuwa lile lililozoeleka. Khalid akawaua baadhi yao na wengine akawateka, kisha akaamuru mateka nao wauawe. Abdullah bin Umar (r.a.), aliyekuwa katika jeshi hilo hilo, akakataa kumuua mateka wake. Waliporudi wakamweleza Mtume (s.a.w.) yaliyotokea. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume aliinua mikono yake na kujitenga mbele ya Allah na kitendo cha Khalid, akakariri maneno hayo mara mbili.

Kisha, wanavyosimulia waandishi wa Sira, akamtuma Ali bin Abi Talib (r.a.) na mali. Ali akalipa dia ya kila aliyeuawa na thamani ya kila kilichoharibiwa, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Alipomaliza akauliza kama kuna aliyebaki hajalipwa. Wakasema hakuna. Mali iliyobaki akawaachia, kufidia yale ambayo pengine wao na Mtume (s.a.w.) hawakuyajua.

Hebu tutazame mambo mawili hapo. Kwanza, mashahidi walitoka ndani ya jeshi lenyewe. Ibn Umar hakuitwa msaliti wala hakufukuzwa kazi, na ushahidi wake umetufikia sisi baada ya miaka zaidi ya 1,400. Pili, kiongozi wa dola alitamka hadharani kuwa kilichofanywa na kamanda wake ni kosa, kabla hajamtuma mtu yeyote kuhesabu hasara.

Wapo watakaosema kuwa Khalid hakuuzuliwa. Ni kweli, na wanazuoni wameeleza kuwa alikosea katika ijtihadi. Lakini kosa la ijtihadi halikufanya damu ya Banu Jadhima iwe bure.

Wengine wataniuliza: Ali naye si aliteuliwa na kiongozi, tena ni mkwe wake? Swali zuri. Ali hakutumwa kwenda kuamua kama jeshi lilikosea au halikukosea, maana hilo lilikwishatamkwa na Mtume mwenyewe (s.a.w.), naye ni maasumu. Sisi leo hatuna kiongozi maasumu. Ndiyo maana tunahitaji sheria isimame mahali ambapo uaminifu wa mtu mmoja hautoshi.

Sasa turudi kwetu. Sisi tunaoishi Karatu tuko mlangoni mwa Ngorongoro. Habari za kule zinatufikia kwa wanafunzi, kwa wagonjwa wanaoletwa huku na kwa wafugaji tunaokutana nao mnadani. Mwezi Juni 2022 vyombo vya dola viliingia Loliondo kuweka vigingi vya mpaka kutenga eneo la kilomita za mraba 1,500. Risasi zilipigwa. Watu walijeruhiwa, wengi wakavuka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Mzee mmoja alitoweka, ndugu zake wakaenda hadi mahakamani kumtafuta. Askari polisi mmoja aliuawa. Watu zaidi ya 20, wakiwemo madiwani, walishitakiwa kwa mauaji yake, na mnamo Novemba 2022 mashitaka yakafutwa wakaachiwa.

Kwa hiyo hata damu ya yule askari haikupata jawabu. Naye ni mtoto wa mtu. Mama yake ana haki ya kujua nani alimuua mwanawe, kama vile familia ya yule mzee ilivyo na haki ya kujua mzee wao yuko wapi.

Februari 2025 Rais alizindua tume mbili kuhusu Ngorongoro. Moja ilihusu mgogoro wa ardhi na nyingine zoezi la kuhama kwa hiari. Tume ya risasi za Juni 2022 haikuundwa.

Hapa niwaseme kidogo Waislamu wenzangu wa Karatu. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kuwa hayo ni mambo ya Wamasai na ng'ombe wao, hayatuhusu. Hivi tumesahau Mwembechai? Februari 1998 Waislamu walipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam. Tulidai tume huru, haikuundwa. Profesa Hamza Njozi alipoandika kitabu juu ya mauaji yale, kitabu kikapigwa marufuku. Wakati ule wapo Watanzania waliosema hayo ni mambo ya Waislamu na misikiti yao. Maneno yale yalituuma sana. Leo tunayasema sisi kwa wengine, na wala hatusikii aibu!

Zanzibar walipata tume. Baada ya mauaji ya Januari 26 na 27, 2001, ambamo shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa, iliundwa mwaka 2002 tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Mbita alikuwa mtu wa heshima. Lakini tume ilikuwa ya Rais, na amri ya kuitekeleza ripoti ilibaki kwa Serikali ile ile ambayo polisi wake ndio waliolalamikiwa.

Baada ya mauaji ya Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata, tulirudi pale pale. Novemba 2025 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Miongoni mwa wajumbe alikuwemo mkuu wa zamani wa Jeshi la Polisi na aliyekuwa Waziri wa Ulinzi. Sina neno na nafsi za wajumbe hao, Allah ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Ninachohoji ni mlango walioingilia. Mama aliyepoteza mtoto kwa risasi ataelezaje habari zake, kwa moyo mkunjufu, mbele ya mtu aliyewahi kuliongoza jeshi analolituhumu?

Tunaambiwa ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ipo, na imo ndani ya Katiba. Lakini sheria inayoiongoza tume hiyo inampa Rais uwezo wa kuiagiza isifanye au isiendelee na uchunguzi akiona kuna hatari kwa ulinzi na usalama wa taifa. Jambo gani la bunduki halitaitwa la usalama wa taifa?

Kinachotakiwa ni sheria ya Bunge. Itamke kuwa wajumbe hawateuliwi na yule ambaye vyombo vyake vinachunguzwa, kuwa shahidi hatakamatwa kwa alichokisema, kuwa ripoti inachapishwa yote katika muda uliowekwa, na kuwa dia inalipwa hata muuaji asipojulikana. Hili la mwisho lina asili katika Sunna. Abdullah bin Sahl alipokutwa ameuawa Khaybar na muuaji asithibiti, Mtume (s.a.w.) aliwalipa ndugu zake ngamia 100.

Sheria pekee haitoshi, Wakenya wameliona hilo. Walitunga sheria ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano mwaka 2008, kisha mwenyekiti akawa mtu aliyelalamikiwa kuhusu mauaji ya Waislamu wa Wagalla ya 1984, hata ikabidi akae kando kwa muda. Basi sheria yetu ifunge na mlango huo. Wabunge wa Karatu na Ngorongoro hawana sababu ya kungoja Serikali, kwani mbunge anaruhusiwa kupeleka muswada binafsi. Wapelekewe hoja hii kwa maandishi, na saini za Waislamu na Wakristo na wazee wa mila ziwe pamoja.

Wakati tunangoja, mashahidi wanazeeka na wengine wanakufa. Allah (s.w.) katika Suratul Baqara, aya ya 282 na 283, ametuamrisha kuandika deni na ametukataza kuficha ushahidi. Ikiwa deni la fedha linaandikwa, vipi damu? Aliyeona aandike siku, saa, mahali, alichokiona kwa macho yake na alichosikia kwa wengine, kila kimoja peke yake. Asiyejua kuandika amtafute kijana wake anayeaminika. Pawe na nakala mbili, na moja isikae nyumbani.