Bastola Nyumbani: Ufunguo Akae na Nani?



Baba mmoja wa jumuiya yetu hapa Bamburi aliningoja nje baada ya misa. Ana malori mawili, na majambazi wamekwisha kumvamia mara mbili njiani akiwa na fedha za mishahara. Aliomba leseni ya bastola, akachunguzwa, akapewa. "Mwalimu," akaniambia, "nataka kununua sefu ya kuiwekea. Lakini mama watoto anadai naye apewe ufunguo. Mimi sitaki. Tuamulie." Sisi makatekista huulizwa mengi, ila hili sikulitazamia. Nilikwenda kwao jioni moja, nikawasikiliza wote wawili.

Tuanze na sheria. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aitunze mahali salama wakati wote, wala isiweze kumfikia mtu asiye na ruhusa ya kuwa nayo. Leseni ina jina la mtu mmoja. Kwa hiyo mke, hata awe amefunga ndoa altareni miaka 20 iliyopita, mbele ya bastola ile ni mtu asiye na ruhusa. Bwana akatabasamu, akidhani kesi ameshinda.

Nikamwambia angoje kidogo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu anayejenga nyumba anaagizwa kuzungushia dari yake ukuta mdogo, ili asianguke mtu na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Watu wa zamani walikaa juu ya dari na kulala huko wakati wa joto. Ona kwamba mwenye nyumba haulizwi kama wageni wake ni waangalifu, au kama watoto wake ni watiifu. Anatakiwa kujenga kabla hajaanguka mtu. Na ukuta huo humzuia nani? Humzuia mgeni, humzuia mtoto, na humzuia yeye mwenyewe akiamka usiku wa manane na usingizi machoni.

Wengi wetu tukifikiria sefu tunamfikiria mwizi na mtoto. Ni sawa. Mwaka 1997, tarehe 13 Agosti, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuondoka na bunduki zaidi ya 40. Sisi tuliokuwa Mombasa siku zile hatuhitaji kusimuliwa yaliyofuata. Ikiwa ghala la polisi lilivunjwa, kabati la nguo litafanya nini? Kwa hiyo usinunue kisanduku chepesi ambacho mwizi atakibeba kwapani akakifungulie kwake. Sefu iwe ya chuma kinene, ifungwe kwa bolti kutokea ndani, na bolti ziingie kwenye zege. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na jiwe hilo laini halishiki bolti vizuri. Hewa ya chumvi nayo hula chuma, basi ikague mara kwa mara. Kama ni ya namba, namba isiwe siku ya kuzaliwa ya kitinda mimba. Ufunguo nao usiufiche chini ya godoro. Mtoto anayejua sukari imefichwa wapi atajua na huo.

Lakini mama yule hakuwa akiwaza mwizi wala mtoto. Bwana alipotoka kupokea simu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi naogopa zile siku anazorudi amelewa, tukaanza kugombana juu ya fedha." Baadaye, kwa ruhusa yake, nililirudia neno hilo mbele ya mumewe. Kimya kikaingia.

Mwezi wa Desemba 2021, askari mmoja huko Kabete, Nairobi, alimuua mkewe kwa bunduki ya kazi, akaua na watu wengine, kisha akajiua. Sijui moyo wa mtu yule, wala simhukumu. Ninachojua ni moyo wangu. Mwaka mmoja niligombana na mke wangu kwa neno dogo tu, nikashika kilichokuwa karibu nikakitupa ukutani. Kilikuwa chupa ya chai. Hadi leo namshukuru Mungu kwamba ilikuwa chupa ya chai.

Ndipo nikamuuliza yule bwana: majambazi walikuvamia wapi? Akajibu, barabarani, mara zote mbili. Basi, nikasema, kazi ya bastola hii ni ya barabarani. Ukishafika nyumbani na fedha zimekwisha kugawiwa, hakuna haja ya kuifikia upesi. Mwambie fundi atie sefu kufuli mbili. Ufunguo mmoja ukae nawe, wa pili ukae na mkeo. Yeye peke yake hawezi kufungua, na sheria haijavunjwa. Wewe peke yako huwezi pia.

"Na wakija usiku humu ndani?"

Sikumficha. Nilimwambia huenda asiwahi. Atapiga kelele na kuita majirani, kama tunavyofanya sisi wengine tusio na bastola. Lazima apime ni hatari ipi iliyo karibu zaidi na kitanda chake, na katika kuipima asijidanganye. Ikiwa bado anataka bastola chini ya mto, basi airudishe serikalini. Hilo lilimuudhi. Tuliagana bila chai.

Wiki tatu baadaye akaniita nikaone. Sefu haiko chumbani mwao, iko stoo, imeshikizwa kwenye sakafu ya zege, na ina kufuli mbili. Ufunguo wa pili mama ameufunga kwenye pindo la leso yake. Huufungua asubuhi za siku za mishahara, mumewe akiwa amesimama mlangoni anangoja.