Wajibu wa Mwenye Kuonyesha

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kauli hiyo wahenga walitutahadharisha juu ya kila kitu kinachotolewa hadharani ili kisifiwe. Hata hivyo hakuna taifa lisiloonyesha vitu vyake vya kale, na wala hatudhani kwamba wahenga walitukataza kufanya hivyo. Swali tunalokusudia kulichunguza katika insha hii ni hili: mtu anapotoa kitu adimu mbele ya watu na kuwaambia, “Tazameni,” anadaiwa nini na hao wanaotazama? Ili tusiseme mambo ya hewani, tutachukua mfano wa magari ya kale ya mashindano. Tutaanza Uingereza, ambako maonyesho ya magari hayo yamestawi sana, kisha tutarejea kwetu kwa mfano huo huo.

Kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Sussex, pana mahali paitwapo Goodwood. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kiwanja cha ndege za kivita, na barabara iliyokizunguka kiwanja hicho ndiyo iliyogeuzwa kuwa njia ya mashindano ya magari mwaka 1948. Mashindano hayo yalikoma mwaka 1966. Mwaka 1998 yalifufuliwa, lakini si kwa magari mapya, bali kwa magari ya aina zile zile zilizotumika enzi hizo na kabla yake. Watazamaji wengi huja wamevaa nguo za mtindo wa miaka ile. Magari hupangwa, watu wakayazunguka na kuyastaajabia. Kisha huwashwa, yakashindana kweli kweli. Miongoni mwa yaliyowahi kushindana hapo ni Ferrari 250 GTO, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1962 na 1964, nayo magari yake yote hayafiki 40. Mwaka 2018 moja kati ya hayo liliuzwa mnadani huko Marekani kwa zaidi ya dola milioni 48.

Hapo ndipo linapozuka shauri la kwanza. Wako wasemao kwamba ni upumbavu kulipeleka mbio gari la namna hiyo, kwa kuwa likigonga ukuta halitapatikana jingine. Liwekwe ndani, wanasema, lifutwe vumbi na kutazamwa. Wengine hujibu kwamba gari liliundwa liende, na gari lisilokwenda ni chuma tu chenye rangi nzuri. Asiyesikia mngurumo wake hajaliona. Sisi tunaoijua ngoma hatuwezi kuwabeza hawa wa pili, maana ngoma iliyotundikwa ukutani bila ya kupigwa humfunza mtazamaji umbo lake tu. Lakini hatuwezi kuwabeza wale wa kwanza pia, kwa sababu kilichovunjika kimevunjika.

Hata hivyo, chini ya shauri hilo limejificha jingine zito zaidi. Kitu kinachotumika huchakaa, kinachochakaa hutengenezwa, na kinachotengenezwa hubadilika. Je, baada ya matengenezo mengi, kinachoonyeshwa ni kile kile?

Swali hili si mchezo wa maneno wa wanafalsafa. Mwaka 1990 lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu mjini London. Gari lenyewe lilikuwa Bentley lijulikanalo kwa jina la “Old Number One”, yaani Namba Moja Kongwe. Jina hilo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, nchini Ufaransa, mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mnunuzi alikubali kulilipia mamilioni ya pauni, kisha akakataa kulichukua, akidai kwamba gari alilouziwa silo lile lililoshinda. Na kwa kweli, vyuma vyake vilipochunguzwa, vilivyosalia kutoka katika ushindi ule vilikuwa vichache mno. Hata injini iliyoshinda haikuwamo. Mwaka 1932 ilikuwa imekwisha kuondolewa na nafasi yake kutwaliwa na kubwa zaidi ya lita 8.

Jaji aliamua kwamba gari lile halikuwa katika hali yake ya asili, lakini lilikuwa gari halisi lenye haki ya kuitwa jina lake. Msingi wa hukumu yake ulikuwa kwamba historia ya gari hilo haikukatika. Halikupata kuvunjwa na kutupwa, kisha mtu akaokota kipande na kujengea gari jingine. Lilibadilika hatua kwa hatua, likiwa mikononi mwa watu wanaojulikana, na hapakuwa na gari jingine duniani lililoweza kudai jina lile.

Kwa watu wa nyumba za makuti hukumu hii haina ugeni mkubwa. Paa huezekwa upya kila baada ya miaka, nguzo iliyoliwa na mchwa hubadilishwa, na bado tunasema hii ni nyumba ya babu. Ngoma ya ukoo huwambwa ngozi mpya, na hakuna mzee asemaye kwamba ngoma imekufa. Kinachokifanya kitu kiwe kile kile si mbao wala chuma peke yake, bali ni habari zake zisizokatika. Na ikiwa ni hivyo, basi mwenye kuonyesha anadaiwa habari hizo. Akificha kilichobadilishwa, anaukata uzi ule ule unaompa haki ya kulitaja jina.

Tena habari hizo si za ushindi tu. Mwaka huo huo wa 1932, katika mashindano ya Brooklands, Uingereza, gari hilo lilitoka nje ya njia likamwua dereva wake, Clive Dunfee. Yamkini msomaji atauliza: watu wamekuja kufurahi, kwa nini tuwaletee habari za msiba? Tunajibu kwamba furaha ya kweli haiogopi kumtaja marehemu. Kijana anayeonyeshwa rangi inayong’aa bila ya kuambiwa ilivyogharimu hufunzwa uwongo, kwamba mambo makubwa huzaliwa yakiwa yamekwisha kung’arishwa.

Sasa na turejee kwetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, ambayo njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1965 Joginder Singh, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa gari la Volvo PV544. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari kwa magari ya kale, na hivyo magari ya miaka ile yameonekana tena katika barabara zetu, yamesafishwa na kupakwa rangi upya.

Linaposimama gari kama hilo mbele ya umati, aghalabu kibao chake hutaja mwaka, dereva na ushindi. Hayo ni kweli. Lakini mashindano yale yalikuwa ya matope, na gari lililozama halikujitoa lenyewe. Lilisukumwa na wanavijiji waliokuwa kando ya barabara, wakaachwa wamerukiwa na tope mwili mzima. Liliungwa na mafundi waliokesha chini yake. Tope limeoshwa, na pamoja nalo wameoshwa watu hao. Hatusemi kwamba dereva apunguziwe sifa. Tunasema kwamba ushuhuda usio kamili huwadhulumu wasiokuwapo kujitetea.

Jambo hili lawahusu walimu na wanafunzi kuliko linavyowahusu matajiri wenye magari, maana sisi nasi tu waonyeshaji. Tunapocheza ngoma mbele ya mgeni, tunapofupisha ya usiku kucha ikawa ya dakika kumi, hatufanyi kosa kuifupisha. Tunakosa tunaposema kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Tunashauri basi zoezi dogo. Mwanafunzi achague kitu kikongwe cha nyumbani kwao: baiskeli, cherehani, au kinu. Aulize wazee ni kipi kilichobadilishwa, lini, na kwa sababu gani. Ni nani aliyekitumia ambaye jina lake halitajwi. Na ni hasara gani iliyopatikana kwacho. Ayaandike majibu, kisha akilete kitu hicho darasani akionyeshe. Atagundua kwamba ana maneno mengi ya kusema, na kwamba wenzake hawatamwuliza kinauzwa kwa bei gani.