Mbuzi akikata tamaa, nani ataulizwa?

Mwaka jana, siku tatu kabla ya Idd el-Hajj, nilinunua beberu mnadani kwa ajili ya udhhiya. Aliletwa nyumbani kafungwa miguu, kalazwa juu ya pikipiki. Nikamfunga uani kwa kamba fupi, penye jua. Watoto wa mtaani wakapata mchezo: kila anayepita anamrushia kokoto. Niliwaona, nikanyamaza.

Siku ya pili mwanangu wa miaka minane alimpelekea majani ya mwembe. Beberu akarudi nyuma mpaka ukutani, akitetemeka. Mtoto akaniuliza, "Baba, mbona anakimbia hata chakula?" Nikamjibu, "Huyo ni mnyama tu, hajui kitu."

Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu. Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo, na leo nataka tulipime.

Hebu tuanze na sisi wenyewe. Simu ikilia saa nane za usiku, mtu aliye katika raha hudhani ni mtu kakosea namba. Aliyezika juzi hudhani ni msiba mwingine. Mlio ni mmoja, lakini kila moyo unautafsiri kwa hali uliyo nayo. Kwa hiyo, ukitaka kujua hali ya mtu asiyesema, tazama anavyolipokea jambo lisilo wazi.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, Emma Harding, Elizabeth Paul na Michael Mendl, waliitumia njia hii kwa panya. Waliwafundisha milio miwili. Mlio wa kwanza ukilia, panya abonyeze kijiti apate chakula. Wa pili ukilia, asiguse, maana akigusa atapigiwa kelele za kumuudhi. Kisha baadhi yao wakavurugiwa makazi: mara matandiko yamelowa, mara kizimba kimeinamishwa, bila ya wao kujua lini. Baadaye wote wakasikilizishwa milio ya katikati, isiyo huu wala ule. Wale waliovurugiwa walisita zaidi, na walibonyeza mara chache zaidi, hata mlio ulipokaribia kabisa ule wa chakula. Walikuwa wamepunguza kutarajia kheri.

Mwaka 2011, watafiti wa Newcastle waliwatikisa nyuki kwa sekunde 60, kana kwamba mzinga umevamiwa. Nyuki wale wakawa wepesi zaidi wa kuikataa harufu iliyofanana na ile waliyoizoea kuwa na uchungu. Nyuki, ndugu msomaji!

Atasimama mtu aseme: haya hayathibitishi kwamba mnyama ana huzuni kama yetu. Ni kweli. Kipimo hiki kinaonesha jinsi mnyama anavyoamua. Hakifungui kifua chake tukaona anachokihisi. Wanasayansi wenyewe wanabishana, na matokeo ya majaribio hayalingani kila mara. Lakini swali la maadili halisubiri ubishi huo uishe. Mimi niliyesema "hajui kitu" ndiye niliyedai ujuzi nisiokuwa nao, na nilidai kwa sababu ulinipunguzia kazi. Kusogeza kamba kivulini kulitaka dakika mbili tu.

Mwingine atasema: Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kuwachinja, sasa hofu yao ina uzito gani? Hapa ndipo nilipojikuta nimenaswa na somo ninalolifundisha mwenyewe. Tunasoma kwamba Mtume (s.a.w.) alimkemea mtu aliyemlaza mnyama huku akinoa kisu mbele yake, akamuuliza kama anataka kumuua mara mbili. Tafakari. Kunoa kisu hakumkati mnyama ngozi. Kinachoepushwa pale si jeraha, ni kule kulitarajia jeraha. Ruhusa ya kuchinja ni ya mara moja, tena kwa ihsani. Yule beberu wangu alikuwa ameuawa kwa siku tatu.

Sisemi haya ili tujisifu kwamba "sisi tulishayajua zamani". Kama tulishayajua, basi lawama yetu ni kubwa kuliko ya asiyejua. Tunamsimulia kila mtoto wa madrasa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Kisha tunatoka sokoni na kuku wanne wananing'inia miguu juu, vichwa chini, na hatushtuki.

Liko pia la kutia moyo. Mwaka 2013 watafiti Elodie Briefer na Alan McElligott walichapisha uchunguzi wao juu ya mbuzi waliookolewa kutoka kwenye mateso, wakatunzwa katika makazi maalumu huko Uingereza. Walipewa njia zisizo wazi, ili ionekane kama watatarajia chakula. Baada ya kutunzwa vizuri kwa muda mrefu, hawakuonekana kukata tamaa kuliko wenzao. Majike ndio kwanza yakatarajia mema zaidi. Maana yake ni kwamba tumaini tunalolivunja kwa mnyama linaweza kurudi, ila lataka muda. Beberu wangu hakuwa na muda huo. Alikuwa na siku tatu, na zote nilikuwa nazo mimi mkononi.

Kama udhhiya ule ulikubaliwa, anajua Mwenyezi Mungu. Mwaka huu, inshaallah, kamba itakuwa ndefu, kivuli kitakuwepo, maji yatakuwepo, na mtoto ndiye atakayempelekea majani kila asubuhi. Lakini kabla ya hapo nina deni. Nitamwita mwanangu nimwambie kwamba siku ile aliuliza swali sahihi, na baba yake akamjibu vibaya. Yule mbuzi alikuwa anajua. Alikuwa amejifunza kutoka kwetu.

Wallahu a'lam.