Simu nayo hupigiwa hodi



Tunaotoka Lilongwe kila Jumamosi kwenda Dzaleka kusomesha watoto madrasa tunamjua mama mmoja wa Uvira. Akitaka kuongea na mwanawe aliyebaki kule, huazima simu, kisha huenda kuinama nyuma ya ukuta wa udongo. Hataji jina la mtu wala la mtaa. Husema tu “yule mgeni”, “kule kwa mjomba”. Siku moja nikamuuliza, mama, unamwogopa nani? Akanijibu, “Mwanangu, simu ina masikio mengi.” Nikacheka. Njiani kurudi nikajiona mjinga mimi.

Laini ile aliyoazima imesajiliwa kwa kitambulisho, kama zote nchini Malawi tangu usajili ulipofanywa lazima mwaka 2018. Kila anapopiga, kampuni ya simu hubaki na kumbukumbu: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa ngapi, dakika ngapi, na mnara gani uliobeba mazungumzo. Hata asisikilize mtu neno moja, orodha hiyo peke yake yatosha kueleza una nani, uko wapi, na usiku gani hukulala. Kwa mkimbizi jambo hili lina uzito wake. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini, na polisi wakawakamata watu Lilongwe, swali la nani anajua uko wapi lilikuwa swali la kulala kwako au kulala rumande.

Tusidhani ni hofu ya wakimbizi peke yao. Mwaka 2011 mamlaka ya mawasiliano, MACRA, ilitaka kufunga mfumo wa kusimamia kampuni za simu ambao ungeiwezesha kufikia kumbukumbu za simu za wateja. Wao walisema ni wa kukagua mapato na ubora wa huduma. Wananchi wakauita mashine ya ujasusi. Raia wakaenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaona kwamba faragha ya watu inaingiliwa. Rufaa ikafika juu, na mwaka 2014 MACRA ikashinda. Msingi wa kesi ulikuwa kifungu cha 21 cha Katiba, kinacholinda faragha ya mtu, nyumba yake, mali yake na mawasiliano yake, barua na simu zikiwemo. Si ajabu kwamba kifungu hicho kimo. Katiba ile ni ya mwaka 1994, nchi ikitoka katika utawala wa Kamuzu Banda, na Dzaleka hiyohiyo, kabla ya kuwa kambi mwaka huohuo, ilikuwa gereza la kufungia wapinzani.

Sasa dini yasemaje? Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametukataza dhana mbaya, akafuatisha kupelelezana, kisha kusengenyana. Tazama mpangilio huo: dhana huzaa upelelezi, upelelezi huzaa maneno. Na katika Surat an-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa, na tukiambiwa turudi, turudi. Sisi Waswahili adabu hii tumeinyonya: hodi mara tatu, usipojibiwa, shika njia. Mtu mmoja alimchungulia Mtume (s.a.w.) kupitia tundu la mlango. Mtume, aliyekuwa na kichanio cha chuma mkononi, akamwambia kwamba lau angejua anachungulia angemchoma nacho jichoni, na kwamba ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho. Yaani mtu hajavuka kizingiti na tayari amekosa. Orodha ya simu ni tundu la mlango.

Atasema mmoja wenu: je, wezi wanaotuibia pesa kwenye simu? Je, wanaopanga kuua? Swali hili ni la haki, nami sitaki kulipita mbio. Kabla ya kufunguliwa Makka, Hatib bin Abi Balta'a (r.a.) alimtuma mwanamke kwa siri na barua ya kuwajulisha Makureshi. Mtume akawatuma Ali, Zubair na Miqdad mpaka Rawdat Khakh, wakamkuta, barua ikatolewa katika nywele zake. Basi barua ya mtu ilichukuliwa. Lakini angalia namna: habari ilikuwa ya yakini, ya mwanamke mmoja, mahali pamoja, barua moja. Hatusomi kwamba kila msafiri alifunuliwa nywele. Na Hatib aliitwa, akaulizwa, akasikilizwa udhuru wake huku Umar akiomba ruhusa ya kumkata shingo. Hiyo ndiyo kazi ya hakimu na hati yake leo. Kuvua samaki wote ili umpate mmoja ni jambo jingine.

Umar huyohuyo, alipokuwa khalifa, imepokewa kwamba alikuwa akizunguka Madina usiku pamoja na Abdurrahman bin Awf, wakaona taa katika nyumba na kusikia makelele ya walevi. Abdurrahman akamkumbusha kwamba wao wawili ndio waliofanya alichokataza Allah, kwa kupeleleza. Amiri wa Waumini akageuka, akaenda zake.

Nina neno kwa wanaosoma kompyuta na mawasiliano, nao ni wengi katika jumuiya yetu. Kesho baadhi yenu mtakaa mbele ya skrini hizo. Atakuja rafiki: “Nitazamie tu mchumba wangu anampigia nani.” Ataahidi soda, au elfu kumi. Atakuja mkubwa bila karatasi ya mahakama, naye atasema ni usalama wa taifa. Mwombe karatasi. Huenda ukapoteza kazi kwa hilo, sikufichi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2024 inakupa haki ya kuuliza taasisi ina nini kukuhusu. Msimamizi wake aliyetajwa ni MACRA hiyohiyo, jambo ambalo wanasheria wetu wana kazi ya kulitazama kwa jicho kali. Na hata hivyo barua iandikwe, kampuni ya simu iulizwe.

Jumamosi nikifika Dzaleka nitamkabidhi yule mama simu, kisha nikae upande wa pili wa ukuta, mbali. Akinirudishia, namba aliyopiga nitaifuta bila kuisoma.