Je, Mwavuli wa Akiba ni Upungufu wa Imani?

Katika sura ya 4 ya Injili ya Mathayo, na tena katika sura ya 4 ya Luka, tunasoma jinsi Ibilisi alivyomweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe chini. Sababu aliyoitoa ilisikika vizuri masikioni: Mungu ameahidi kuwatuma malaika wake, kwa hiyo hakuna la kuogopa. Yesu alikataa. Hakukataa kwa kuitilia shaka ahadi ya Baba yake, bali kwa kuwa kudai ahadi itimizwe kwa namna ile ni kumjaribu Mungu. Hapo pana swali ambalo sisi waumini bado hatujalimaliza: imani inaishia wapi, na kumjaribu Mungu kunaanzia wapi?

Tunapenda kulitazama swali hili kupitia watu ambao kujitupa kutoka juu ni shughuli yao ya kila wiki, yaani warukaji wa miavuli. Baadhi ya wasomaji wamewaona Diani, pwani ya kusini ya Kenya, wakishuka hadi mchangani. Kwa kawaida hupanda ndege hadi kimo cha mita 4,000 hivi, hutoka mlangoni, na kwa muda wa karibu dakika moja huanguka kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa kabla ya kufungua mwavuli. Mgongoni kila mmoja hubeba miavuli miwili katika mkoba mmoja: mwavuli mkuu na mwavuli wa akiba. Mwavuli mkuu ukikataa kufunguka vizuri, mrukaji huvuta kishikio cha kuuachia uende zake, kisha huvuta kishikio cha ule wa akiba. Muda wa kuamua ni sekunde chache tu.

Sasa tuulize bila kuzunguka. Kama mrukaji ni mtu wa sala, na amemwomba Mungu amlinde, mwavuli wa pili ni wa nini? Je, hajaonyesha kwamba moyoni mwake ameshakubali kuwa maombi yanaweza kushindwa?

Swali hili laweza kuonekana kama mchezo wa maneno, lakini katika jumuiya zetu limeshaumiza watu. Yupo mgonjwa anayeambiwa aache dawa za presha kwa sababu ameshaombewa, na akiendelea kuzimeza anahesabiwa kuwa na mashaka. Yupo dereva anayefanya ishara ya msalaba, au anayeanza safari kwa wimbo, huku tairi za gari zikiwa vipara. Yupo mama anayeogopa kusema kwamba ujauzito wake una matatizo, asije akaambiwa kuwa anakiri mabaya. Katika mambo hayo yote wazo ni lile lile: ajiandaaye kwa mabaya ameyaita, na asiyejiandaa ndiye aaminiye.

Historia ya miavuli ina mtu mmoja anayelijibu wazo hili kwa maisha yake. Franz Reichelt alikuwa fundi cherehani jijini Paris. Alishona vazi ambalo alitumaini lingegeuka mwavuli na kuwaokoa marubani. Tarehe 4 Februari 1912 alipanda hadi ghorofa ya kwanza ya mnara wa Eiffel, mita 57 kutoka chini. Wakuu waliompa ruhusa walielewa kwamba angedondosha sanamu. Alipofika pale alisema ataruka mwenyewe. Rafiki zake walijaribu kumzuia, hakuwasikia. Akaruka, vazi halikufunguka, akafa palepale.

Hatumtaji ili kumcheka. Alitaka kuokoa roho za watu, na hilo ni jambo jema. Tunamtaja kwa sababu hakupungukiwa na uhakika hata kidogo. Uhakika alikuwa nao mwingi kuliko wote waliokuwapo asubuhi ile. Alichokosa ni utayari wa kusahihishwa: na sanamu ambayo ingedondoka badala yake, na marafiki ambao walimshika mkono. Kama kiasi cha uhakika wa mtu ndicho kipimo cha imani, basi yeye angekuwa mfano wa kuigwa. Sisi tunaona sivyo.

Tuwaangalie sasa warukaji wazoefu, wale wenye miruko elfu moja au zaidi. Jambo la kwanza linaloonekana kwao ni kwamba hawajiamini upesi. Kabla ya kuvaa vifaa wanavikagua. Kabla ya kupanda ndege wanakagua tena. Kabla ya mlango kufunguliwa wanakagua kwa mara ya tatu, na safari hii hukaguana, kwa kuwa mtu hawezi kuuona mgongo wake. Wana desturi ya kuhesabu kwa tatu: pete tatu za kuuachia mwavuli mkuu, sehemu tatu za kufungia mikanda mwilini, vishikio vitatu vya kuvuta. Hakuna anayekasirika akikaguliwa na mwenzake, na hakuna anayesema, "Huniamini?"

Mgeni anapowaomba ushauri wa vifaa, majibu yao hufanana. Usikimbilie mwavuli mdogo, kwa maana kadiri mwavuli unavyokuwa mdogo kwa uzito wako ndivyo unavyokwenda kwa kasi na kukasirikia makosa. Usinunue vifaa vilivyotumika kabla fundi hajavifungua na kuvitazama. Badilisha kile kitanzi kidogo cha kufungia mkoba mara kinapoanza kulika, ingawa bei yake ni ndogo na hakuna anayekiona. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa warukaji maneno hayo si mafumbo.

Lakini jambo linalotugusa zaidi limo ndani ya mwavuli wa akiba wenyewe. Nchini Marekani sheria inataka mwavuli huo ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya na fundi mwenye leseni kila baada ya siku 180, hata kama haukutumika. Fundi akimaliza huufunga kwa uzi mwekundu na muhuri mdogo wa madini ya risasi wenye alama yake, kisha hutia sahihi kwenye kadi. Katika jeshi la Marekani mafundi wa miavuli nao hufunzwa kuruka, na kila mmoja hutakiwa awe tayari kuruka na mwavuli wowote alioufunga kwa mikono yake. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako ni vigumu kuipatia mfano ulio wazi kuliko huo.

Basi mrukaji anayebeba mwavuli wa akiba hajaacha kuamini. Ameamini kwa namna iliyo ngumu zaidi: ameyaweka maisha yake katika kazi ya mtu aliyekaa chumbani peke yake, akakunja kitambaa kwa saa kadhaa, bila kujua kama kitafunguliwa siku moja wala ni nani kitakayemwokoa. Sisi tunaosema kwamba Mungu hufanya kazi kupitia watu wake, tutamkatazaje Mungu asipitie katika mikono ya fundi, au ya muuguzi, au ya fundi gari? Mtu anayekataa msaada huo kwa jina la imani anamchagulia Mungu njia ya kumwokoa, na ndicho hasa Ibilisi alichotaka kifanyike juu ya kinara cha hekalu.

Ipo namna moja ya kuruka inayolifikisha jambo hili mbali zaidi, nayo ni kuunganisha miavuli angani. Hapa warukaji hufungua miavuli yao mapema, kisha huiendesha hadi wakutane. Ajaye huuleta mwavuli wake taratibu mpaka miguuni pa mwenzake aliye juu. Mwenzake huudaka kwa mikono, kisha hutia miguu yake kwenye kamba zake. Hivyo mmoja hufungamana na mwingine, na mwingine na mwingine. Tarehe 21 Novemba 2007, huko Lake Wales katika jimbo la Florida, watu 100 waliungana hivyo wakafanya umbo moja la almasi juu ya anga.

Katika kazi hiyo hakuna anayeweza kusema, "Vifaa vyangu ni shauri langu." Kamba inayoning'inia nyuma ya mwavuli wa mmoja yaweza kumnasa mwingine, ndiyo maana hutumia miavuli iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, ambayo kile kimwavuli kidogo cha kuufungulia huvutwa ndani badala ya kuelea nyuma. Hubeba kisu kilichopinda chenye makali upande wa ndani ili kukata kamba watu wakinaswa. Wengi huvaa suruali na soksi nene, kwa kuwa kamba inayopita kwa kasi juu ya ngozi huchoma kama moto. Na wawili wakivingirishana, sheria ya kwanza ni kuzungumza. Wanatajiana kimo walichobakiwa nacho, na wanakubaliana nani ajitoe kwanza, kwa maana anayekata bila kusema anaweza kujiokoa na kumuua mwenzake. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja na viungo vyake, alikuwa anasema jambo ambalo watu hawa wanalijua kwa ngozi zao.

Hata hivyo tusijidanganye upande wa pili. Vifaa navyo vinaweza kugeuka sanamu ya kuabudiwa. Bill Booth, Mmarekani aliyebuni zile pete tatu, anajulikana kwa usemi mmoja unaorudiwa na warukaji: kwamba kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama, ndivyo warukaji wanavyozidi kujitia hatarini, hata vifo visipungue. Idadi yenyewe haikumuunga mkono moja kwa moja. Miaka ya 1970 Marekani ilipoteza kwa wastani warukaji zaidi ya 40 kila mwaka. Mwaka 2023 walikufa 10 katika miruko inayokaribia milioni 3.7. Vifaa vimeokoa watu wengi, kikiwamo kile cha kielektroniki kiitwacho CYPRES, kilichoanza kutumika mwaka 1991, ambacho hukata chenyewe kitanzi cha mwavuli wa akiba kikiona mtu angali anaanguka kwa kasi akiwa amebakiza mita 225 hivi.

Lakini kuhusu moyo wa mwanadamu Booth alisema kweli. Wengi wa wanaokufa siku hizi hufa mwavuli wao ukiwa umefunguka vizuri kabisa, bila kasoro. Wamechagua mwavuli mdogo wa kasi, wamegeuka kwa nguvu karibu na ardhi, na ardhi imewawahi. Hakuna kifaa kinachomponya mtu kiburi. Aliyeondolewa hofu ya jambo moja hutafuta jingine la kulichezea, na usalama alioupewa kama zawadi anautumia kama deni la kukopea hatari mpya. Kwa hiyo anayeutegemea mwavuli tu, naye anajaribu, isipokuwa anayejaribiwa si Mungu bali ni kitambaa.

Msomaji anaweza kutuuliza: kwa nini waruke kabisa? Uhai ni amana, na wanaobaki nyumbani ndio watakaolia. Swali hili ni la haki, na mrukaji mwenye mke na watoto hana ruhusa ya kulikwepa. Sisi hatuoni kwamba kila hatari inayochukuliwa kwa furaha ni dhambi. Mvuvi, mpanda mlima na mchezaji wa mpira nao huchukua sehemu yao. Lakini tunaona kwamba mtu anayeiweka amana hiyo hatarini anawajibika kuilinda kwa kila njia aliyopewa, na wa kwanza kumdai ni wale wanaompenda.

Limebaki jambo moja, nalo pengine ndilo tunalolihitaji zaidi. Warukaji wana desturi ya kutangaza ajali zao. Chama chao cha Marekani huchapisha taarifa za vifo: nini kilitokea, kwa kimo gani, kipi kingefanywa mapema. Wazoefu huwaeleza wageni jinsi walivyokaribia kufa na kwa kosa gani. Hawaoni aibu, kwa sababu wanajua kwamba kosa lililofichwa litamkuta kijana mwingine ambaye hakuonywa. Katika makanisa ushuhuda unaopigiwa makofi ni wa aliyeponywa. Aliyeacha dawa akazidiwa hasimamishwi kusimulia, na aliyezikwa hana sauti. Hivyo vijana wetu husikia nusu ya habari, nao hujitupa kwa nusu hiyo.

Basi, ndugu wapendwa, tunapomwona muumini amebeba mwavuli wake wa akiba, yaani dawa zake, bima yake, kadi yake ya kliniki, tusimuulize imani yake iko wapi. Tumuulize kama amekagua vizuri, na tusimame nyuma yake tumtazamie sehemu ambayo hawezi kuiona mwenyewe. Na ikiwa sisi ndio tuliopewa kazi ya kukunja mwavuli wa mwingine, iwe ni kuendesha basi, kupima damu au kufundisha watoto, tuikunje kama watu walio tayari kuruka nao. Kisha tuombe. Sala inayotoka katika mikono iliyofanya kazi yake haimjaribu Mungu.