Saa za Mtoto Baada ya Shule ni za Nani?



Wazazi wengi walio katika mafundisho ya ubatizo huuliza neno hili: watoto watokapo shuleni adhuhuri, nani aende wapi? Tuseme mama ana watoto watatu. Wa kwanza, mvulana, anangojewa kwenye uwanja wa mpira. Wa pili, msichana, ana mazoezi ya kwaya. Wa tatu, mvulana pia, ana mkutano wa Xaveri, chama kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1952 kwa malezi ya vijana. Nyumbani nako mitungi ni mitupu, kuni zimekwisha, na sombe haijatwangwa. Mama ni mmoja, na siku ni fupi. Afanyeje?

Desturi hujibu upesi: msichana abaki. Ndugu zake huenda, naye huteka maji mara mbili, mara tatu, kwa ajili ya wote. Jioni watu huisifu nyumba hiyo kuwa ina utaratibu. Lakini sisi tunaoitafuta njia ya Mungu yatupasa kuuliza: je, utaratibu huo una haki?

Fikirini kwanza. Mzazi husema, "Mtoto ni wangu, na saa zake ni zangu." Neno hili si kweli yote. Mtoto ni wa Mungu kwanza. Mzazi amewekewa amana. Mkumbukeni Mtakatifu Kizito wa Uganda. Alikuwa mkatekumeni kama ninyi, akabatizwa na Karoli Lwanga mwaka 1886, akauawa Namugongo tarehe 3 Juni mwaka huohuo, naye alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Mungu humwita hata mtoto kwa jina lake mwenyewe. Basi aitwaye hivyo na Mungu hawezi kufanywa chombo cha ndugu yake.

Atasema mtu: je, kazi za nyumbani ni mbaya? Hasha! Bwana wetu mwenyewe alijulikana Nazareti kuwa seremala. Kazi humfunza mtoto upendo. Ubaya ni furaha ya mmoja kulipwa kwa jasho la mwingine kila siku, pasipo zamu. Wala haki si kupima saa sawasawa kama mtu apimaye chumvi sokoni, maana mdogo hawezi mtungi wa mkubwa, na mgonjwa hupumzika. Haki ni kila mtoto achukue mzigo kwa kadiri ya nguvu zake, na kila mtoto apate nafasi ya kukuza karama aliyopewa.

Basi, shikeni mambo matatu.

Kwanza, kazi ya nyumba itangulie, nayo iwe ya wote. Mvulana alaye ugali na achukue mtungi. Wakienda mtoni wote watatu, hurudi mapema wote watatu.

Pili, kila mtoto awe na shughuli moja aipendayo, wala asirundikiwe nyingi. Shughuli mbili zikigongana siku moja, iwepo zamu: wiki hii mpira, wiki ijayo kwaya.

Tatu, msitake kuwa kila mahali. Mtakatifu Luka, katika sura ya 2, atuambia kwamba Maria na Yosefu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Yezu yumo kati ya jamaa zao. Alikuwa na miaka 12. Walipomkosa, walirudi Yeruzalemu kumtafuta, wakamwona Hekaluni baada ya siku tatu. Ikiwa wao waliomlea mmoja walipatwa na hayo, msifadhaike ninyi wenye watoto sita. Mkabidhini mtoto kwa bibi, kwa jirani mwema, kwa msimamizi wake wa ubatizo. Lakini giza liingiapo, mwulizeni kila mmoja: ulikuwa wapi, na umejifunza nini?

Kisha kusanyikeni wote penye moto kwa sala ya jioni, na yule msichana aliyekosa kwaya aanzishe wimbo. Na kabla ya kulala, kila mzazi ajiulize moyoni: leo, katika nyumba yangu, nani amebeba mzigo wa nani?

Mungu Baba awabariki ninyi na watoto wenu.