Kutoka Kigobe Hadi Mpimba

Neno letu la mwezi huu linatoka Matendo ya Mitume 24:23, mstari ambao wengi wetu tunaupita haraka tukikimbilia habari za Agripa. Paulo yuko kifungoni Kaisaria. Liwali Feliki anamwagiza akida amlinde, lakini rafiki zake wanaokuja kumhudumia wasizuiwe. Hiyo ni sheria ya kuwatembelea wafungwa, imo ndani ya Biblia, tena aliyeitoa ni mtu ambaye Luka anatuambia alikuwa anatazamia rushwa. Hata huyo alijua kwamba mfungwa asiyejiwa na mtu anaumia.

Sisi tuliotoka Bujumbura tunalijua jambo hilo kwa miguu yetu. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa anakaa Kigobe kabla ya kukimbia mwaka 2015. Mwanawe alikuwa Mpimba. Kigobe iko kaskazini mwa jiji, na Mpimba iko Musaga, upande wa kusini. Alikuwa akipika usiku, alfajiri anafunga sufuria kwa kitenge, anavuka jiji zima. Warundi wana neno lake, kugemura, yaani kumpelekea chakula mtu aliye hospitali au gerezani. Neno ni moja kwa wote wawili, kwa kuwa wote wawili hawawezi kujitafutia.

Asiyefika pale aelewe kwa nini sufuria ile ni uhai. Gereza la Mpimba lilijengwa kwa watu 800, na katika miaka ya karibuni limepata kuwa na zaidi ya 4,000. Chakula cha serikali kimekuwa takriban gramu 350 za unga wa muhogo na gramu 350 za maharage kwa siku, na mafuta na chumvi siku nyingine. Mengine yote, sabuni, nguo, dawa nyingi, yanategemea jamaa. Wako kina mama walio na watoto wachanga mle ndani. Wako wengi ambao hawajahukumiwa bado. Asiye na ndugu hula kwa huruma ya mfungwa mwenzake.

Na huko huko Kigobe ndiko liliko jumba la Bunge. Burundi ina sheria ya magereza ya mwaka 2003, iliyorekebishwa mwaka 2017. Umoja wa Mataifa nao mwaka 2015 ulipitisha kanuni zilizopewa jina la Mandela: mfungwa awasiliane na jamaa zake kwa barua na kwa kutembelewa, mgeni akubali kupekuliwa, lakini asidhalilishwe, na kumkataza mtu kuonana na jamaa zake kusifanywe adhabu. Ni maneno mazuri. Mama yetu alikuwa akipita karibu na jumba lile na sufuria yake, hajui hata moja kati ya hayo. Alichojua ni siku ya wageni.

Nasi tulijifunza kuijua siku hiyo kwa aibu. Tulikwenda kumwona ndugu yetu katika gereza moja la huku tuliko, tukafika siku isiyo ya wageni. Kibali cha mmoja wetu cha kutoka kambini kilikuwa kinaisha jioni ile, hatukuweza kungoja kesho. Tukarudi na ndizi zetu. Njiani tulimnung'unikia askari wa mlangoni, na kumbe kosa lilikuwa letu, hatukuuliza.

Lakini wapendwa, mlango wa gereza si mzito kama aibu. Mama huyu alituambia kwamba miaka miwili hapa kambini aliwaambia majirani mwanawe yuko kazini Kigali. Hakuwahi kumtaja katika maombi ya kanisa. Wengine wanaogopa, kwa maana mgeni huacha jina lake mlangoni, na majina yana wasomaji. Hatuwalaumu. Paulo mwenyewe anaandika kwa Timotheo kwamba wengi walimwacha, akamtaja Onesiforo, ambaye alipofika Rumi alimtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuionea haya minyororo yake. Ona, alimtafuta. Hakuna aliyempa ramani. Na katika barua hiyo hiyo mtume mkubwa anaomba joho lake aliloliacha Troa, kwa kuwa baridi inakuja. Mfungwa huomba vitu vidogo.

Pierre Claver Mbonimpa alifungwa mwaka 1994, akakaa miaka miwili. Mwaka 2001 akaanzisha APRODH, chama cha kutetea wafungwa. Mwaka 2014 akafungwa tena, na mwaka 2015 akapigwa risasi, akapona, naye akawa mkimbizi kama sisi. Hatuandiki siasa hapa. Tunasema tu kwamba aliyewahi kulala mle hakuwasahau aliowaacha.

Basi, mwenye mtu Mpimba au gereza lingine amlete jina kwa mzee wa kanisa wa zoni yake, kwa siri akitaka. Tutamwombea kwa jina lake la ubatizo tu. Ambao wamekamatwa huku kwa kutoka nje ya kambi bila kibali, kina mama wa Jumatano wamekubali kuwachangia sabuni na unga. Watakaokwenda waombe kibali mapema, wachukue kitambulisho, waulize kwanza siku ya wageni. Mama wa Kigobe ameomba awe wa kwanza kwenda.